Mtaa una fujo na vijana wawili wamechanganyikiwa: je, tumhamishe mtoto?

*"Daktari, tunaishi Manzese, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita. Mwaka huu vijana wawili wa mtaa wetu wamechanganyikiwa, mmoja wao alikuwa akicheza mpira na mwanangu. Wapo wanaosema mtaa umeharibika, wapo wanaosema umerogwa. Mdogo wake mume wangu naye aliugua akili akiwa na miaka 22, mpaka leo anatumia dawa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Nyuma ya nyumba kuna baa, wikiendi vigodoro mpaka kunakucha, na kijiweni wanavuta bangi mchana kweupe. Siku hizi mtoto anasinzia mchana na amekuwa mkali kidogo. Mume wangu ana vyumba viwili Chanika, pembezoni mwa jiji, bado havijapigwa plasta, anasema tuhame mwezi ujao kabla mtoto hajaharibika. Mimi vitafunwa vyangu nauzia hapa, na kikoba changu kiko hapa. Ni kweli mtaa unaweza kumtia mtu ugonjwa wa akili? Tukihama atakuwa salama?"*

Dada, umeuliza mambo mawili na majibu yake hayafanani. Mtaa unaweza kuchangia ugonjwa wa akili? Ndiyo, unaweza. Kuhama kutamkinga mtoto? Hapo inategemea jambo ambalo wengi hawalihesabu wanapofunga mizigo: mtoto anawaacha akina nani, na kule aendako atawakuta akina nani.

Tuanze na hao vijana wawili, maana naona ndio waliowanyima usingizi. Skizofrenia, ugonjwa ambao watu wengi huuwazia wanaposikia "fulani kachanganyikiwa", Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata takriban mtu 1 kati ya 300. Chukua mtaa wa watu 6,000: ungetarajia humo wagonjwa kama 20, hata pasipo na baa wala kijiwe. Tena huanza zaidi ujanani, kwa hiyo wanaoonekana kuugua ghafla ni haohao vijana ambao jana walikuwa uwanjani. Wawili kufuatana ndani ya mwaka mmoja kunashtua, kama misiba miwili ikifuatana nyumba jirani, lakini peke yake si ushahidi kwamba mtaa una kitu. Isitoshe, hatujui kama wote wawili wanaumwa kitu kimoja. Kijana anaweza "kuchanganyikiwa" kwa bangi, kwa malaria iliyopanda kichwani, kwa kifafa, au kwa sonona iliyokithiri. Na mwanao hakuambukizwa chochote kwa kucheza mpira na mgonjwa. Ugonjwa wa akili hauambukizi, na huyo rafiki yake atahitaji sana mtu wa kumrushia mpira akirudi kutoka hospitali.

Kuhusu damu ya ukoo: ni kweli skizofrenia ina urithi, ila watu huutia chumvi. Kwa mtu yeyote, uwezekano wa kuipata maishani ni kama 1 kati ya 100. Mtoto ambaye baba yake mdogo anaumwa, uwezekano wake hupanda hadi kama 3 au 4 kati ya 100. Yaani watoto 96 wa namna ya mwanao hawaugui. Hilo ni jambo la kumfanya mzazi awe macho, si la kumfanya auze kitanda.

Sasa mtaa wenyewe. Suala hili lilianza kupimwa kwa takwimu zamani, pale Chicago, Marekani. Mwaka 1939 Robert Faris na Warren Dunham walichapisha matokeo ya kupanga kwenye ramani karibu wagonjwa 35,000 waliolazwa hospitali za akili, kila mmoja kwa anwani aliyotoka. Skizofrenia ilirundikana katikati ya jiji, kwenye vyumba vya kupanga vya watu wanaohamahama, ikapungua kadiri unavyokwenda pembezoni. Ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka haukufuata mpango huo, ulitapakaa kokote. Hao wawili wakadai kwamba upweke wa mitaa ile ndio unaowafanya watu waugue.

Wakapingwa papo hapo, na pingamizi lenyewe hata mama muuza vitafunwa angelitoa: je, si kwamba mtu akishaugua hupoteza kazi, hushindwa kodi, kisha huishia chumba cha bei ya chini? Mwaka 1963 huko Uingereza Goldberg na Morrison walikwenda kuangalia kazi za baba za wagonjwa wakati wagonjwa hao walipozaliwa. Wakakuta baba hao wanafanana na wananchi wengine tu, wapo wa juu na wapo wa chini. Waliokuwa wameteremka ni watoto wao, baada ya kuugua. Kwa hiyo sehemu ya mrundikano ule ni watu kuteremshwa na ugonjwa. Ukiona mtaa wenu una wagonjwa wengi, kumbuka kwamba baadhi yao walikuja wakiwa tayari wanaumwa.

Lakini si wote. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watu milioni 1.89 tangu utotoni, kabla ya yeyote kuugua, na ukakuta kwamba waliokulia miaka 15 ya kwanza katika jiji kubwa walikuwa na hatari ya skizofrenia mara 2.75 kuliko waliokulia shamba. Watoto hawateremki kimaisha wakiwa na miaka mitano, kwa hiyo hapo ile hoja ya watu kuhamia kwenye umaskini haitoshi.

Ngoja kwanza, usimwonyeshe mume wako takwimu hiyo. Mwaka 2018 watafiti walipochambua majibu ya watu zaidi ya 200,000 kutoka nchi 42 za kipato cha chini na cha kati, uhusiano ule wa mji na saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia, kuona au kuamini mambo yasiyokuwepo, hawakuuona. Mtu wa mjini hakuwa na dalili nyingi kuliko wa kijijini. Kwa maoni yangu hii ndiyo takwimu yenye maana kwenu kuliko ile ya Denmark. Msongamano peke yake haumfanyi mtu augue. Wapangaji sita wanaopikia uani, wanaojua nani kalala njaa na nani kafiwa, hawafanani na mtu aliye peke yake kwenye ghorofa ya tano asiyejua jina la jirani yake.

Kinachoumiza ni nini basi? Angalia kilichoonekana Camberwell, kusini mwa London, kwa wagonjwa wa miaka ya 1988 hadi 1997. Watu wa asili ya Afrika, Karibi na Asia walikuwa na skizofrenia zaidi ya Waingereza weupe, hilo lilijulikana. Jipya lilikuwa hili: kwenye kata ambazo walikuwa wengi, hatari yao ilikuwa kama mara 2.4, kwenye kata ambazo walikuwa wachache, mara 4.4. Kata zote hizo ziko sehemu moja ya jiji. Tofauti ni kama ukitoka nje unakutana na watu wanaokuona mwenzao, au macho yanayokuhesabu mgeni kila siku. Kwa msomaji aliye Uingereza au Marekani hili linamhusu moja kwa moja, lakini linakuhusu na wewe: mvulana wa miaka 16 anayehamishiwa mahali asipojulikana naye ni mgeni wa namna yake.

Ndani ya kichwa mambo huenda hivi. Ubongo una sehemu inayopiga kengele ya hatari, inaitwa amigdala. Mwaka 2011, Mannheim, Ujerumani, watu waliwekwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakapewa hesabu za kufanya haraka huku mtafiti akiwasema kupitia spika za masikioni kwamba wanafanya vibaya. Wakazi wa miji mikubwa, kengele hiyo iliwaka zaidi kuliko kwa wakazi wa vijijini. Kengele inayolia mara moja ni kinga. Inayolia kila siku, kwa hofu ya kuporwa, kudharauliwa, baba asiye na kazi, kelele usiku, huuweka mwili katika hali ya kujihami: kortisoli, homoni ya msongo, inakaa juu, usingizi unakuwa mwepesi, na mfumo wa dopamini unavurugika. Dopamini, pamoja na kazi nyingine, ndiyo huuambia ubongo "hili ni muhimu, lizingatie". Ikizidi, kitu cha kawaida kinapata uzito usio wake. Jirani akikohoa, kijana anaona kakohoa kwa ajili yake. Redio ikitaja jina linalofanana na lake, anaona anatangazwa. Hapo ndipo saikosisi inapoanzia kwa wale ambao tayari wana udhaifu wa kuzaliwa nao. Kwa wengine, ambao ni wengi zaidi, kengele hiyohiyo inaleta wasiwasi au sonona.

Turudi Chanika. Yupo aliyefanya jaribio la kuhama kwa bahati nasibu, kitu ambacho ni nadra sana katika fani hii. Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani ilichukua familia zipatazo 4,600 kutoka mitaa maskini sana ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ikazigawa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa hati ya kusaidiwa kodi wahamie mitaa yenye nafuu, wengine hawakupewa. Miaka mingi baadaye vijana wao walipimwa. Wasichana wa familia zilizopewa hati walionyesha nafuu: sonona ilipungua. Wavulana ilikuwa kinyume. Waliopewa hati ya kwenda mitaa yenye nafuu walikuwa na sonona asilimia 7.1, na wale ambao hawakupewa asilimia 3.5. Msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha nao uliongezeka, hivyohivyo ukorofi uliopitiliza.

Kwa nini wavulana? Maelezo yapo zaidi ya moja, na ninaloliona lina nguvu ni kwamba mvulana hujenga heshima yake uwanjani na kijiweni, na heshima hiyo haisafirishwi kwa Kirikuu pamoja na makabati. Kule alikuwa winga wa timu, huku ni kijana asiyejulikana anayetazamwa kama mwizi. Waliohamishwa wakiwa wadogo, chini ya miaka 13, walipokuwa watu wazima walikuja kupata kipato kizuri zaidi. Kwa hiyo umri una maana, na mwanao ana 16.

Simaanishi msihame. Namaanisha mwezi ujao ni haraka isiyo na faida, hasa kwa mtoto anayeingia kidato cha nne mwakani. Fanyeni hesabu hii ya wazi: akiendelea kusoma shule hiyohiyo akiwa anatokea Chanika, ataamka saa 10 alfajiri ili awahi, na atarudi giza limeingia. Mtakuwa mmemtoa kwenye kelele ya baa ili apate usingizi, kisha mmempokonya usingizi huohuo kwa daladala. Akihamishwa shule, anapoteza walimu wanaomjua mwaka wa mtihani. Na wewe ukipoteza wateja wa vitafunwa na kikoba, pesa ya nyumbani inapungua, ugomvi wa pesa unaongezeka, na ugomvi ndani ya vyumba viwili ni sumu kubwa kwa kijana kuliko muziki wa nyuma ya ukuta. Ningekuwa mimi ndiye ninayewashauri uso kwa uso, ningewaambia: pigeni plasta taratibu, mkahamie baada ya mtihani wake, na kabla ya hapo aende huko likizo mbili tatu, ajue uwanja ulipo, ajue hata watu wawili kwa majina. Kipo kinachobadilisha ushauri huu: kama kuna mtu anayemtishia mtoto, au kundi linalomlazimisha kuuza au kuvuta, basi mtoeni hata kesho, akakae kwa shangazi au mjomba aliye karibu na shule.

Mnapobaki, kuna mambo ya kushughulikia, na la kwanza ni usingizi. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Huko kusinzia mchana na ukali, mara nyingi ni deni la usingizi tu. Kitanda chake kiko ukuta upi? Kama ni ule wa nyuma ya baa, kihamishieni ukuta wa pili, weka kabati zito upande wa kelele, mpe vizibo vya masikio vya sponji vinavyouzwa maduka ya dawa. Simu ilale chumbani kwenu. Aamke saa ileile kila siku, hata Jumapili asipitilize zaidi ya saa moja, kwa sababu akilala mpaka saa 6 mchana baada ya kigodoro, usiku wa Jumapili hatapata usingizi na wiki nzima inaharibika. Wikiendi ambayo mnajua kuna shughuli, akalale kwa ndugu.

La pili bangi. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kutoka vituo 11 vya Ulaya na Brazili ulikuta mtumiaji wa kila siku ana uwezekano wa kupata saikosisi mara tatu hivi ya asiyetumia, na bangi kali inapandisha zaidi. Kwa kijana mwenye baba mdogo anayeumwa, hapa ndipo mlipo na nguvu ya kupunguza hatari kuliko kuhama kwenyewe. Msimtishe kwamba "ukivuta mara moja unakuwa kichaa", kwa sababu anawaona wanaovuta kila siku na hawajawa vichaa, atawaona waongo. Mwambie ukweli: wenzako wanaweza kuvuta wasidhurike, wewe una damu ya baba mdogo, kwako ni kucheza kamari na kete mbaya. Baba yake amwambie, si wewe peke yako. Na kama baba mdogo ana hali nzuri na yuko tayari, yeye mwenyewe ndiye mwenye maneno mazito kuliko wote.

La tatu ni mtaa wenyewe, ambao watu huutaja kama hali ya hewa, kana kwamba haushikiki. Mwaka 1997, Robert Sampson na wenzake walichapisha majibu ya wakazi 8,782 wa maeneo 343 ya Chicago. Waliwauliza mambo ya kawaida kabisa: watoto wakitoroka shule wakakaa kona, jirani atasema kitu? Mtoto akimvunjia heshima mtu mzima, atakemewa? Wakipigana mbele ya nyumba, kuna atakayeamua? Maeneo yenye majibu ya "ndiyo" yalikuwa na vurugu ndogo kuliko mengine, hata ukilinganisha na yale yenye umaskini uleule. Jiulize maswali hayo kuhusu uani kwenu na nyumba kumi za jirani. Kama majibu ni "ndiyo" mengi, mna kitu ambacho Chanika hamtakipata mwaka wa kwanza. Kama ni "hapana", nendeni watu watano kwa mwenyekiti wa mtaa, si mtu mmoja, na mpeleke ombi moja linalopimika: muziki uzimwe saa 6 usiku. Ombi la "mtaa utulie" halina mtu wa kulitekeleza.

Hata takataka zina sehemu yake, na hapa kuna jambo lililonishangaza. Philadelphia walichukua viwanja vitupu 541 wakavigawa kwa bahati nasibu. Vingine vilisafishwa, vikasawazishwa, vikapandwa majani na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao na kufyekwa kila mwezi. Vingine vilizolewa taka tu. Vingine viliachwa. Matokeo ya 2018: waliokaa karibu na viwanja vilivyopandwa majani, waliosema wanajisikia wenye sonona walipungua kwa asilimia 41.5 kulinganisha na vilivyoachwa. Kuzoa taka peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Kiwanja kinachofyekwa kila mwezi humwonyesha mpita njia kwamba mahali hapa pana wenyewe.

Na wewe je? Barua yako yote ni ya mtoto, lakini anayekesha ni wewe pia. Kikoba chako si cha pesa tu. Huko Harare, kitongoji cha Mbare, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaa kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 573 katika zahanati 24: baada ya miezi sita waliobaki na sonona ni asilimia 13.7 ya waliopita kwa bibi, na karibu 50 ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Mwanamke mwenye watu kumi wa kuzungumza nao kila Jumamosi asiwaache kirahisi.

Mwisho ni lini umpeleke hospitali. Chukua daftari, wiki mbili andika kila siku: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kala, kaenda shule, kaongea na nani, kimekuudhi nini. Kama ukirekebisha usingizi naye anachangamka, umepata jibu. Lakini mpeleke bila kungoja wiki hizo kuisha ukiona anajitenga hata na rafiki wa karibu, alama zinaporomoka ghafla, haogi, anazungumza peke yake au anageuka kama kaitwa, anashuku kwamba chakula kimewekwa kitu au watu wanamsema, au maneno yake hayashikani. Nenda siku hiyohiyo akisema hataki kuishi, akitishia kuumiza mtu, akikaa siku mbili bila kulala wala kula, au akichanganyikiwa huku ana homa. Hiyo ya homa ni dharura ya mwili na huanzia kwenye kipimo cha malaria. Mpaka mfike, ondoeni ndani sumu ya panya, vidonge na visu. Msimfunge kamba.

Kutoka Manzese, Mwananyamala iko karibu, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Mkitaka dua au mkitaka kwenda kwa mganga, sitawagombeza, ila viende pamoja na hospitali na visitangulie, kwa sababu kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Gharama zikiwalemea, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Mkifika dirishani msiseme tu "mtoto amebadilika". Toa lile daftari, sema baba yake mdogo anaumwa nini na anatumia dawa gani, na umwache kijana apate dakika zake na daktari bila nyinyi wawili kuwepo. Swali la bangi hatalijibu mbele ya baba yake.